Vyuma vya Mahari

Watu wa Mubi wakitaka kumcheka Mama Elisabeth husema ndiye mwanamke pekee aliyeozesha binti yake kwa pikipiki. Ni uongo wa watu wasio na kazi. Hakudai pikipiki. Alidai vyuma viwili vya kinga, vya nyuma, vya kulinda miguu ya mtu anayebebwa. Nina haki ya kulisema jambo hili kwa sababu mimi, Sébastien, ndiye niliyevikunja na kuvichomelea, na yaliyovipata baadaye niliyaona kwa macho yangu.

Karakana yangu iko barabarani, pale magari ya mizigo yanapolala yakisubiri njia ikauke. Nachomelea milango, vitanda na majiko, lakini chakula changu kinatoka kwenye pareshoki. Ndivyo tunavyoita bomba la chuma linalokunjwa na kufungwa mbele ya pikipiki, likatokeza kulia na kushoto kwa injini. Pikipiki ikianguka, chuma kinagusa ardhi kabla ya mguu wa dereva. Na huku kwetu pikipiki huanguka. Barabara imechimbwa na malori mpaka mtu akisimama ndani ya mfereji wa matairi unaona kichwa tu, na asiyejua kuanguka asianze kazi ya udereva. Mke wangu husema nina ulimi mkali. Ningependa kumwona mtu mwenye ulimi mtamu akifanya biashara na madereva wa pikipiki.

Mama Elisabeth alizaliwa upande wa Kalembe, akaolewa huku msituni, akafiwa na mume akiwa bado na nguvu. Aliuza mafuta ya mawese. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofika kabla yake, na kanisani aliwapita wote kwa kuimba, hata pale ambapo ilitakiwa apoe kidogo. Siku hizo hakuwa na fimbo. Fimbo ilikuja baada ya safari moja ya kawaida kabisa, akitoka kuuza mafuta yake, amekaa nyuma ya dereva. Gurudumu la mbele liliteleza na pikipiki ikalala upande wa kuume. Dereva alisimama, akapanguza suruali, akatafuta kofia yake. Mama Elisabeth alibaki chini, mguu wake ukiwa kati ya bomba la moshi na jiwe.

Mfupa uliungwa na mzee anayejua dawa za miti. Uliungika, lakini ulipinda, na tangu hapo mguu wa kuume ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Alipoanza kutembea, mahali pa kwanza alipokuja ni kwangu.

“Weye njo Papa Sébastien wa mapareshoki?”

“Njo miye, Mama.”

“Ile pikipiki yenye ilinivunja muguu, pareshoki yake ulitengeneza weye.”

“Na dereva aliumia?”

“Hata kidonda.”

“Basi pareshoki yangu iko muzuri.”

“Muzuri kwa nani?”

Nilikasirika. Mtu hawezi kuja mpaka kwangu kunilaumu kwa kazi iliyofanya kazi yake. Nilimweleza kwamba kila mahali mambo ni hivyo, chuma kinapimwa kwa mguu wa dereva, kwa sababu dereva ni mmoja na abiria ni kila mtu: leo mama mnene, kesho katekista, kesho kutwa mbuzi watatu. Nitampima nani? Akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasogea kwenye pikipiki iliyokuwa imeegeshwa pale, mwenyewe yuko ng’ambo anakunywa chai, akashika kiti, akapanda kwa taabu, akakaa nyuma.

“Pima huu,” akasema, akanyoosha mguu ule uliopinda.

Mimi sipimi kwa utepe. Nachukua kamba ya msituni, ile inayokunjika bila kuvunjika, naizungusha kutoka chini ya kiti, inapita mbele ya goti, inashuka nje ya ugoko, inarudi chini ya kanyagio. Kati ya kamba na mguu lazima ngumi yangu ipite. Ikipita ngumi, hata chuma kikikunjika kidogo, mfupa unabaki salama. Nilimpima Mama Elisabeth hivyo, huku nikinung’unika, na kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa mrefu na mwingine mfupi, nilipata kipimo cha watu wengi kwa mara moja. Mwenye pikipiki aliporudi kutoka kwenye chai alikuta jambo limekwisha kuamuliwa. Alikubali kwa sababu ya kelele. Ningekuwa yeye, ningekubali pia.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa kwetu aliyevunjika guu ndiye aliyeanza kusema, na wakubwa hawakusikia.

Madereva kadhaa walifunga vyuma vya nyuma, lakini si kwa ajili ya miguu. Waligundua kwamba vinafaa kuning’inizia mizigo. Bidoni, dumu la mafuta, huku, gunia la mchele kule, na abiria anakaa juu ya yote, miguu hewani, kana kwamba yeye ndiye aliyezidi. Mama Elisabeth aliwavizia stendi. Alikuwa anagonga mabidoni kwa fimbo yake na kuuliza kwa sauti ya kwaya, “Hii bidoni iko na mifupa?” Watu walicheka. Yeye hakucheka. Halafu mvua zilipokuja, madereva wakafungua buloni zilizovishika na kuvitoa vyuma kabisa, kwa sababu vilikuwa vinasugua kingo za mifereji ya malori. Vikaishia kwenye mabanda ya kuku. Kwa hiyo Mama Elisabeth akaacha kupanda pikipiki. Alitembea kwa miguu, na fimbo, na kapu la chupa za mafuta kichwani, mchana kutwa ikibidi, na kila pikipiki iliyompita aliitazama nyuma tu.

Hapo ndipo Luc alipompenda Mapendo.

Mapendo ni mtoto wa pekee wa Mama Elisabeth. Luc ni dereva wa pikipiki, kijana mtaratibu, na hiyo peke yake ni ajabu. Familia zilikutana nyumbani kwa Papa Émile, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Mapendo, ambaye ndiye anayeshika mambo ya ukoo. Walinialika kama jirani. Walikubaliana mbuzi, nguo za baba wadogo, pombe ya wazee, na kila kitu kilikwenda vizuri mpaka ikafika sehemu ya mama. Kwa desturi mama wa binti hupewa kitenge na blanketi, shukrani ya usiku aliokesha na mtoto. Ni sehemu yake yeye, hakuna mwanamume anayeigusa. Papa Émile akamgeukia Mama Elisabeth, akamwita kwa jina la binti yake.

“Mama Mapendo, sema yako.”

“Kitenge niko nacho. Blanketi, niko na moja, haijapasuka,” akasema Mama Elisabeth. “Luc afunge vyuma nyuma ya pikipiki yake, kabla ya kumubeba mutoto wangu.”

Mtu mmoja akakohoa, na nilijua ni kicheko. Luc alitazama miguu yake. Lakini Papa Émile ni mtu anayekumbuka, akafikiri, kisha akasema kwamba si jambo jipya. Babu zetu walioa kwa majembe na mapanga. Chuma kimekuwa ndani ya mahari tangu zamani. Wazee wakatikisa vichwa, na chuma kikaingia.

“Lakini hakuna kufunga na buloni,” Mama Elisabeth akaongeza. “Buloni inafunguliwa. Mali ya mama haifunguliwe. Papa Sébastien atachomelea.”

Nilimwambia wazi mbele ya wote kwamba ni kosa. Chuma cha kinga kinatakiwa kufunguka, kwa sababu kikikunjika lazima kitoke, na moto wa kuchomelea unachosha shasi ya pikipiki. Sikusikilizwa. Papa Émile ndiye aliyefunga maneno, akasema kwa kucheka, lakini watu walikariri:

“Basi tumesikia. Siku vyuma ile itatoka ku pikipiki, tutajua Luc anarudisha bibi.”

Kwetu mtu akirudisha mahari, au akirudishiwa, ndoa imekufa. Na mtoto anayezaliwa pasipo mahari ni wa upande wa mama. Hachukui ukoo wa baba yake. Kila mtu pale alilijua hilo, ndiyo maana walicheka kidogo tu.

Nilichomelea. Sijui kufanya kazi mbaya hata nikiwa na hasira. Nilimkalisha Mapendo kwenye kiti, nikampima kwa kamba na ngumi, nikakunja bomba nene, nikalishikiza kwenye shasi kwa mishono minne, miwili kila upande, nikaipiga nyundo ilipopoa kuona kama kuna uongo ndani. Hakukuwa na uongo. Mama Elisabeth alisimama pale tangu mwanzo, ameegemea fimbo, na nilipomaliza akashika vyuma kwa mikono miwili akavitikisa. Pikipiki nzima ikatikisika. Akaridhika.

Luc alipata shida na vyuma vile. Alipitwa na wenzake kwenye njia nyembamba, akapewa jina la mkwe wa vyuma, akakosa wateja wenye haraka. Lakini wanawake wenye watoto mgongoni wakaanza kumsubiri yeye. Siku moja alianguka na Mapendo kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Vyuma vililima ardhi, na Mapendo akasimama, akatikisa gauni lake, mguu mzima. Jioni yake Mama Elisabeth aliinama kuangalia mikwaruzo kwenye bomba, akaipapasa kwa kidole. Nilimwona akienda zake akiimba.

Mapendo akapata mimba, na mimba ikafika mwisho wake katika msimu wa mvua.

Wiki hiyo lori lililobeba saruji lilivunja daraja lililo njiani kwenda hospitali, likabaki limelala mtoni tairi juu. Vijana wa pale wakatengeneza njia ya kupita: mbao nyembamba, na kila upande vigingi vya miti vinavyofika magotini ili mtu asiteleze. Pikipiki ya kawaida ilipita. Usukani unakwenda juu ya vigingi, pareshoki ya mbele inapita kwa kusugua. Pikipiki yenye vyuma vya nyuma haikupita. Kwa hiyo tangu alfajiri madereva wote wa Mubi walikwenda darajani kubeba mizigo ya wafanyabiashara waliokwama, wakaipeleka mbali ng’ambo, hawarudi mpaka usiku, na stendi ikabaki na pikipiki moja tu, ya Luc.

Mapendo alikuwa na uchungu tangu jana yake. Mkunga wa kituo chetu, mama mwenye uzoefu, alifanya alichoweza, kisha akatoka nje akamwambia Mama Elisabeth kwamba mtoto amekaa vibaya, hatatoka kwa njia yake. Lazima Mapendo apasuliwe, na wa kumpasua yuko hospitalini, ng’ambo ya daraja. Akasema wasingoje lori, wasingoje kesho.

Niliwaona wakija kwenye mvua nyembamba. Luc anasukuma pikipiki, Mama Elisabeth amemshika Mapendo kiunoni kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine, Papa Émile nyuma na mwavuli usiomfunika mtu yeyote. Mapendo alikaa kwenye benchi langu. Uso wake ulikuwa umeishiwa rangi. Alikuwa anauma ncha ya kitenge chake.

“Papa Sébastien,” Luc akasema, “pikipiki haipite ku daraja.”

Hakusema zaidi. Nilielewa, nikainama kuchukua msumeno wa chuma, kwa sababu jenereta yangu ilikuwa kavu. Petroli ilikwama ng’ambo pamoja na kila kitu kingine. Nilipoinuka nilikuta Luc ameweka mkono juu ya bomba, kama anayelishika lisiondoke. Alikuwa anamtazama Papa Émile.

“Unajua nilisema nini mbele ya batu,” Papa Émile akasema polepole.

“Najua, Papa.”

“Mutoto hajazaliwa. Mukikata sasa, atazaliwa mahari iko chini. Atakuwa wa kwetu, haitakuwa wa kwako. Miye sikutunge hii desturi, Luc.”

Nilitaka kumrushia nyundo. Nasema kweli tupu. Lakini Papa Émile si mtu mbaya, na ndilo lililonitia uchungu zaidi. Alikuwa amefungwa na maneno aliyoyasema akicheka, na hakujua mtu anayafunguaje. Luc naye alikuwa analia bila sauti, kijana mzima, mkono juu ya chuma. Alimtaka mke wake na alimtaka mtoto wake, na kila mmoja alikuwa ameelekea njia yake.

Mapendo akatoa sauti ambayo sitaki kuielezea.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Elisabeth aliliacha benchi, akaja mpaka katikati yetu. Hakupaza sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kama watu wengine.

“Émile, sehemu ya mama ni ya nani?”

“Ya mama.”

“Kuko mwanaume anaweza kuigusa?”

“Hapana.”

“Basi miye njo ninasema. Sébastien, kata.”

“Na mutoto atakuwa wa nani?” Papa Émile akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba ajibiwe.

“Azaliwe kwanza. Njo mutamugawana kisha.”

Nilikata. Kwa msumeno wa mkono, mishono minne, ile niliyoipiga nyundo kuona kama kuna uongo. Niliilaani mikono yangu kwa kuwa hodari. Luc alishika pikipiki isicheze, Papa Émile akamwaga maji kwenye msumeno uliokuwa umepata moto, na nyuma yetu Mapendo alikuwa anavuta pumzi kwa meno. Mshono wa kwanza, wa pili. Jino la msumeno likavunjika, nikageuza upande. Mama Elisabeth alisimama akitazama kila kipande kikianguka chini, na mimi sikuthubutu kuinua macho kumtazama. Cha mwisho kilipoanguka, nilikisukuma kando kwa mguu.

Luc akawasha. Tukampandisha Mapendo nyuma yake. Nilidhani Papa Émile ndiye angepanda wa tatu kumshika, lakini Mama Elisabeth alinipa fimbo yake.

“Mama,” Luc akasema, “weye hapana. Hii matope, na muguu yako.”

“Endesha.”

Alipanda. Mwanamke ambaye hakuwa amebebwa nyuma ya pikipiki isiyo na vyuma tangu mguu wake uvunjike alipanda, akasogea mbele mpaka kifua chake kikagusa mgongo wa binti yake, akamfunga kwa mikono. Alichukua miguu ya Mapendo, mmoja baada ya mwingine, akaisukuma ndani, karibu na injini. Na miguu yake mwenyewe akaitoa nje, huu mrefu na huu mfupi, akaining’iniza pale pale ambapo vyuma vilikuwa vimekaa. Nilipaona mahali pale, shasi ikiwa bado inang’aa nilipokata, na mguu wake ukapafunika.

Wakaondoka.

Papa Émile alisimama kidogo, kisha akafunga mwavuli. Akaniambia tukachukue kipoyi cha kanisa, kile kiti cha miti tunachobebea wagonjwa mabegani, tuwafuate, pengine pikipiki itakwama. Tulipata wanaume wengine wawili. Tulitembea haraka. Mimi nilikuwa bado nimeshika fimbo.

Tulivuka daraja. Ng’ambo yake kuna mteremko mbaya unaoshuka kati ya mashamba ya mihogo, na chini ya mteremko huo tulimkuta Mama Elisabeth amekaa kando ya njia, ameegemea tuta, matope mpaka kwenye nywele. Mguu wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umelala vibaya. Sihitaji kusema zaidi.

Luc alitueleza baadaye. Pikipiki iliteleza ikaenda kushoto, na kila mtu anayeanguka hukunja mguu bila kufikiri, mwili wenyewe unakunja. Mama Elisabeth hakukunja. Alikanyaga chini, na uzito wote ulikuja juu yake, Mapendo akabaki juu ya mguu wa mama yake, hakuguswa na jiwe wala bomba la moshi. Wanawake waliokuwa wakilima walikuja wakainua pikipiki. Luc alikataa kumwacha. Mama Elisabeth alimpiga ngumi ya kifua, akamwambia kama hataondoka saa hiyo asimwite mama tena. Mwanamke mmoja mwenye jembe aliliweka chini, akapanda nyuma ya Mapendo, wakaenda.

“Pole, Mama,” nilisema.

“Mapendo alipita,” akasema. “Munibebe, tuende.”

Tulimweka kwenye kipoyi. Kila tulipoteleza aliuma mdomo, lakini hakulia. Kila mtu tuliyekutana naye akitoka upande wa hospitali, Mama Elisabeth alimuuliza kama ameona pikipiki yenye mwanamke mwenye mimba. Wengine waliona, wengine hawakuona. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na simu zetu hazikushika kitu. Papa Émile alikuwa mbele yangu chini ya mti wa kipoyi, na nilisikia anaomba kwa Kinyanga, lugha ya wazee wetu, maneno ya zamani na maneno ya kanisa yakichanganyika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaomba pamoja naye.

Hospitalini muuguzi alitoka mbio alipouona mguu. Akataka tumpeleke chumba cha kufunga mifupa. Mama Elisabeth akashika mti wa mlango kwa mikono miwili.

“Mutoto wangu iko wapi?”

“Walimupasula, Mama, iko muzima. Tuangalie muguu kwanza.”

“Munipeleke.”

Watu wanne hatukuweza kuiondoa mikono ile mlangoni, kwa hiyo tulimpeleka.

Luc alikuwa amesimama nje ya chumba cha wazazi. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye nguo ya kijani, mikononi mwa muuguzi mwingine, na Luc alikuwa ametoa mikono kidogo lakini hajaifikisha, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Mama Elisabeth alipitishwa mbele ya mjukuu wake, na hakugeuza kichwa. Papa Émile ndiye aliyesimama. Aliacha mti wa kipoyi, muuguzi mmoja akaushika kwa nafasi yake. Alimchukua mtoto, akamtazama usoni kwa muda, kisha akamweka mikononi mwa Luc.

“Shika mutoto wako,” akasema.

Ndani, Mapendo alikuwa amelala chali, macho nusu wazi. Tulitua kipoyi kando ya kitanda. Mama yake aliingiza mikono chini ya shuka akaanza juu, gotini, akashuka ugokoni, polepole, kama anayetafuta mwiba, akafika kwenye kifundo cha mguu, akahesabu vidole. Kisha mguu wa pili. Yote ilikuwa mizima. Akaiminya.

“Mapendo, ninakushika.”

“Wapi, Mama?”

“Miguu. Ninashika miguu.”

“Sisikie,” Mapendo akasema. “Sisikie kitu.”

Hapo ndipo Mama Elisabeth alipolia. Hakulia njiani, hakulia kwenye matope, lakini hapo alilia kwa sauti yake yote, mpaka watu wakaja mlangoni. Muuguzi alimweleza, mara moja na mara ya pili, kwamba ni sindano ya mgongoni, anayepasuliwa hupigwa ile sindano, miguu inalala, itaamka yenyewe. Hakuamini. Kwa nini angeamini? Alibaki ameshika nyayo za binti yake kwa mikono yake miwili yenye matope, na mguu wake mwenyewe ukivimba mbele yetu. Daktari akaja, akasema maneno, akaondoka, akarudi. Tulimsihi. Mimi nilimsihi kwa hasira, na sikujua namkasirikia nani. Hakuachia.

Mvua ilikatika, ikaanza tena. Luc aliingia na mtoto, akakaa sakafuni.

Kisha kidole kikubwa cha mguu wa kuume wa Mapendo kilicheza. Mama Elisabeth akanyamaza, akavuta pumzi, akaizuia.

Mapendo akageuza kichwa juu ya mto.

“Mama,” akasema, “mikono yako iko baridi.”